Uchakavu wa mali za kudumu

Nguo ikififia na kuraruka husemwa imechakaa. Wahasibu walilitwaa neno hilo wakalipa kazi nyingine: uchakavu ni kuigawa gharama ya mali ya kudumu katika miaka ya matumizi yake. Shirika la umeme likinunua transfoma kwa shilingi milioni 40, na kuikadiria kutumika miaka 20 pasipo thamani ya masalio, hesabu zake hubeba uchakavu wa milioni 2 kila mwaka, hata kama transfoma yenyewe haijapata doa la kutu. Wala hizo si fedha zinazotoka mwaka hadi mwaka. Fedha zilitoka siku ya ununuzi.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16 hutaka makadirio ya umri wa mali yapitiwe walau kila mwisho wa mwaka wa fedha. Ardhi, kwa kawaida, haihesabiwi uchakavu. Makadirio hayo yana uzito: nchini Tanzania, EWURA hupanga bei za umeme kwa kuzingatia gharama za shirika, uchakavu ukiwemo. Nguzo ikipewa umri mfupi kuliko ule wa kweli, mteja wa leo humlipia mteja wa kesho.

Mali ya kudumu isichanganywe na mali isiyohamishika. Gari la mafundi huhama kila siku, nalo ni mali ya kudumu. Kiwanja alichokinunua mfanyabiashara ili akiuze hakihami, lakini vitabuni ni bidhaa.