Shilingi Inaposhuka: Nani Hulipa Tofauti katika Safari ya Meli ya Kitalii?

Likizo ya meli ya kitalii hununuliwa mapema, aghalabu miezi sita hadi mwaka mzima kabla ya siku ya kusafiri, na huuzwa kwa sarafu ambayo Mkenya wa kawaida halipwi mshahara kwayo. Kati ya siku ya kutoa arubuni na siku ya kumaliza salio, bei iliyoandikwa kwenye tangazo inaweza isiongezeke hata kwa senti moja, na bado safari ikawa ghali zaidi kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Katika makala haya tunaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na swali ambalo kila mteja anapaswa kuuliza kabla ya kutoa fedha zake: thamani ya shilingi ikibadilika, nani atalipa tofauti?

Kwa nini bei huwa ya dola

Makampuni makubwa ya Marekani yanayoendesha meli hizi yana makao yake katika eneo la Miami, na huweka bei zake kwa dola. Safari nyingi zinazozunguka Bahari ya Mediterania huuzwa kwa yuro. Mafuta ya meli nayo hununuliwa kwa dola katika soko la dunia. Wakala wa safari aliye Nairobi au Mombasa hulipa nafasi yako kwa sarafu hizo, kisha hukudai wewe shilingi.

Umbali wa safari haubadilishi jambo hili. Meli inayotia nanga Mombasa, katika kituo cha abiria wa meli za kitalii, huuza vyumba vyake kwa sarafu ile ile ambayo ingetumia ikiwa Barcelona au Dubai. Kinachoamua ukubwa wa hatari yako ni sarafu ya bei na muda utakaopita kabla hujamaliza kulipa.

Hesabu ya mwaka 2023

Mfano ulio wazi zaidi tunao hapa nyumbani. Mwanzoni mwa Januari 2023, kiwango rasmi cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa karibu shilingi 124 kwa dola moja. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2024, kilikuwa kimefika takriban 160. Sababu zilikuwa kadhaa. Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba yake kutoka karibu sufuri mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya asilimia 5, na fedha za wawekezaji zikaelekea huko. Waagizaji wa mafuta na bidhaa nyingine nchini walihitaji dola nyingi. Zaidi ya hayo, palikuwa na wasiwasi kuhusu deni la hatifungani ya kimataifa la dola bilioni 2 ambalo Kenya ilitakiwa kulilipa Juni 2024.

Sasa tuwachukue mume na mke wanaotaka safari ya usiku saba, kwa bei ya dola 1,200 kwa kila mtu, yaani dola 2,400 kwa wote wawili. Kwa kiwango cha 124, safari hiyo ni shilingi 297,600. Kwa kiwango cha 160, ni shilingi 384,000. Bei ya mwenye meli haikuguswa, lakini familia imeongezewa shilingi 86,400.

Wengi hawalipi zote kwa mara moja. Tuseme wanandoa hao walitoa arubuni ya dola 500 Januari 2023, sawa na shilingi 62,000, wakabakiza dola 1,900. Siku ile waliposaini, salio hilo lilikuwa shilingi 235,600. Kama walilimaliza Januari 2024, lilikuwa shilingi 304,000. Nyongeza ya shilingi 68,400 iliwaangukia wakati ambapo kujiondoa kungewapotezea arubuni. Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili, kwa kuwa mteja hulazimika ama kutafuta fedha ambazo hakuzipangia bajeti ama kuacha zile alizokwisha kutoa.

Kwa nini asilimia hazilingani

Magazeti yanaweza kuandika kwamba shilingi imepoteza asilimia 22 ya thamani yake, ilhali wakala anakuambia kwamba safari imepanda kwa asilimia 29. Si lazima mmoja wao awe anadanganya. Kutoka 124 hadi 160, shilingi moja inanunua dola pungufu kwa takriban asilimia 22, lakini dola moja inahitaji shilingi zaidi kwa takriban asilimia 29. Mnunuzi hulipa kwa hesabu ya pili. Ukisikia habari za kushuka kwa shilingi, usikadirie bei mpya kwa asilimia iliyotangazwa. Zidisha bei ya dola kwa kiwango cha siku hiyo.

Vilevile, kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu ni wastani wa soko. Benki au duka la kubadilisha fedha litakuuzia dola kwa kiwango cha juu kuliko hicho, na mwanzoni mwa 2023, dola zilipokuwa adimu, pengo hilo lilikuwa kubwa. Wakala anaweza naye kuongeza kiasi chake. Mkataba unaosema tu kwamba utalipa “kwa kiwango cha siku” haujakuambia ni kiwango cha nani.

Mipango ya kulipa kidogo kidogo

Mawakala wengi hutoa mpango wa kulipa kidogo kidogo, na vyama vingi vya akiba huupenda. Mpango huo unaweza kumsaidia mteja au kumuumiza, kutegemea jambo moja ambalo mara nyingi halisemwi: kila unapolipa, je, fedha zako hugeuzwa kuwa dola siku hiyo hiyo, au huwekwa kama shilingi hadi siku ya mwisho?

Tutoe mfano wa mtu mmoja anayelipia safari ya dola 1,200 kwa awamu tatu za shilingi 49,600: Januari 2023 kwa kiwango cha 124, Julai kwa 140, na Oktoba kwa 150. Jumla ametoa shilingi 148,800. Ikiwa kila awamu iligeuzwa kuwa dola siku ilipolipwa, amekwisha kulipia takriban dola 1,085. Januari 2024 amebakiwa na dola 115, sawa na shilingi 18,400. Ikiwa fedha zake zilikaa kama shilingi hadi Januari 2024, zinahesabiwa kuwa dola 930 tu, naye anadaiwa dola 270, sawa na shilingi 43,200.

Watu wawili wanaweza kulipa kiasi kile kile, siku zile zile, kwa safari ile ile, na bado mmoja akadaiwa zaidi ya maradufu ya mwenzake. Tofauti yao imo katika sentensi moja ya mkataba. Kwa hiyo, stakabadhi ya kila awamu inapaswa kuonyesha mambo matatu: shilingi ulizolipa, kiwango kilichotumika, na dola ulizokwisha kulipia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Gharama zisizo kwenye tangazo

Nauli ya meli ni sehemu tu ya gharama, na nyingi kati ya zile nyingine hupanda pamoja na dola au yuro.

Bahashishi ya wahudumu katika makampuni mengi hutozwa kila siku kwa kila abiria, na huongezwa moja kwa moja kwenye hesabu yako. Kwa dola 16 kwa siku, watu wawili kwa usiku saba hulipa dola 224. Hizo ni shilingi 27,776 kwa kiwango cha 124, na shilingi 35,840 kwa kiwango cha 160.

Ndege ya kukufikisha bandarini, bima na viza ni juu yako. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima inayotakiwa ni lazima igharimie matibabu ya hadi yuro 30,000. Ikiwa meli itatoka katika nchi za Schengen na kurudi tena, utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu hulipwa kwa sarafu ya meli. Ukitumia kadi ya benki ya Kenya, benki inaweza kukutoza ada ya kubadilisha fedha juu ya kiwango chake. Mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au kwa sarafu ya mahali ulipo, chagua sarafu ya mahali ulipo. Chaguo la shilingi huonekana la kirafiki, lakini kiwango kinachotumika huwa aghalabu kibaya zaidi.

Hatimaye, mikataba mingi ya meli humruhusu mwenye meli kuongeza tozo ya mafuta hata baada ya kuuza tiketi. Tozo hiyo ni tofauti na mabadiliko ya thamani ya shilingi, na haifai kuchanganywa nayo kwenye ankara yako.

Shilingi inapopanda

Mambo yanaweza pia kugeuka upande wa pili. Februari 2024 serikali ilitoa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya lile deni la Juni. Wasiwasi ulipungua, na kufikia katikati ya Aprili dola ilikuwa karibu shilingi 130. Safari yetu ya dola 2,400 ikarudi kuwa shilingi 312,000. Aliyeharakisha kununua dola zote kwa 160, akihofia kwamba zingefika 180, alilipa shilingi 72,000 zaidi ya aliyekuwa na nafasi ya kungoja.

Kwa sababu hiyo hatumshauri mtu yeyote kubahatisha mwelekeo wa shilingi. Tunamshauri ajue mkataba wake unasema nini kuhusu pande zote mbili. Kama mmekubaliana bei isiyobadilika kwa shilingi, haitapanda shilingi ikishuka, na haitapungua shilingi ikipanda. Hayo ni makubaliano ya haki, mradi yawe wazi tangu mwanzo. Lakini kifungu kinachomruhusu wakala kuongeza bei shilingi inaposhuka, huku kikikaa kimya inapopanda, kimemwachia mteja hasara zote na wakala faida zote. Ukikikuta, omba kirekebishwe kabla ya kutia saini.

Haki zako kisheria

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani kinasema kwamba mtumiaji ana haki ya kujulishwa ada na tozo zote zinazokusudiwa, kwa jina lolote zitakaloitwa, na kinakataza kumtoza ada ambayo hakujulishwa kabla. Basi “marekebisho ya sarafu” yanayojitokeza kwa mara ya kwanza kwenye ankara ya mwisho ni jambo ambalo una haki ya kuliuliza, na kulilalamikia.

Kumbuka pia kwamba mkataba wa mwenye meli mara nyingi huelekeza mizozo yote kwenye mahakama za ng'ambo. Makubaliano yako na wakala aliye Kenya ndiyo kinga iliyo karibu. Hakikisha kwamba wakala huyo ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa arubuni

1. Bei hii ni ya shilingi isiyobadilika, au ni ya sarafu ya kigeni?

2. Ikiwa ni ya sarafu ya kigeni, mtatumia kiwango cha nani, cha siku gani, na mtaongeza kiasi gani juu yake?

3. Kila awamu nitakayolipa itageuzwa kuwa dola siku hiyo hiyo?

4. Shilingi ikipanda thamani, nitapunguziwa?

5. Salio linatakiwa lini? Kwa kawaida ni siku 60 hadi 120 kabla ya meli kung'oa nanga, na baada ya hapo adhabu ya kujiondoa huongezeka.

6. Safari ikifutwa, nitarudishiwa dola nilizolipia au shilingi nilizotoa? Dola zilizonunuliwa kwa kiwango cha kuuzia na kurudishwa kwa kiwango cha kununulia huacha pengo.

7. Bahashishi, kodi za bandari na tozo ya mafuta zimo katika bei hii?

Majibu yatakiwe kwa maandishi, hata kama ni kwa barua pepe. Kisha, kabla ya kuamua, ifanye hesabu yako mara ya pili kwa kuongeza asilimia 30 juu ya kiwango cha leo, kwa maana mwaka 2023 ulituonyesha kwamba jambo hilo linawezekana ndani ya miezi kumi na miwili. Ikiwa familia inaweza kubeba jumla hiyo bila kugusa karo na kodi ya nyumba, iko tayari kulipa arubuni. Ikiwa haiwezi, itafute bei isiyobadilika kwa shilingi, safari fupi zaidi, au iweke akiba kwanza, katika akaunti ya dola kama benki yake inayo, kabla ya kujifunga.