Mti Uliopandwa Bado Unatungoja: Kumwagilia Miti ya Nyumbani Wakati wa Kiangazi



Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Kanisa huadhimisha Kipindi cha Kazi ya Uumbaji. Katika nyanda kame za katikati ya Tanzania, kama Dodoma na Singida, majuma hayo huangukia kiangazi, na mvua hazitarajiwi hadi karibu na Desemba. Ndipo miche mingi tuliyoipanda kwa nyimbo na vigelegele, kwa kumbukumbu ya Kipaimara au Komunyo ya Kwanza, hunyauka na kufa. Mingine haikunyimwa maji. Ilipewa maji kidogo kidogo, mahali pasipofaa.

Tuanze na mizizi. Mizizi myembamba inayofyonza maji haikusanyiki shinani. Imetawanyika pande zote hadi ukingo wa matawi na hata kupita hapo, na sehemu yake kubwa imo katika sentimita 30 hadi 60 za juu za udongo. Kwa mti mkubwa, ukingo wa kivuli cha saa sita mchana hutuonyesha mahali pa kumwagilia. Maji yakielekezwa shinani siku zote, gome laweza kuoza, ilhali mizizi ya mbali inabaki na kiu.

Pili, tutazame kina. Anayemwaga lita 3 kila jioni hutumia lita 21 kwa juma, lakini hulowesha tabaka la juu tu, nalo hukaushwa na jua la kesho yake. Mche ulioshika ardhi ukipewa ndoo moja ya lita 20 polepole, mara moja kwa juma, maji hushuka chini na mizizi huyafuata. Udongo wa kichanga hauhifadhi maji, hivyo huenda ukahitaji mara mbili. Mche uliopandwa karibuni, ambao mizizi yake haijatoka katika bonge lake, umwagiliwe mara nyingi zaidi.

Tatu, tuzuie upotevu. Tuuzungushie mche tuta dogo la udongo ili maji yasitiririke. Tutandaze nyasi kavu au majani kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, tukiacha nafasi kuzunguka shina. Tumwagilie alfajiri au jioni. Dumu kuukuu lililotobolewa matundu madogo chini, likiwekwa kando ya mche, hudondosha maji taratibu pasipo kumwagika.

Kabla ya kumwagilia tena, tuchome ardhi kwa kijiti. Kikizama kwa urahisi na kutoka na udongo wenye unyevu, tusubiri. Mizizi nayo huhitaji hewa. Udongo ukilowa daima, majani hugeuka manjano na mizizi huoza. Wengi hudhani hiyo ni kiu, wakaongeza maji, na hivyo kuuangamiza mti kwa nia njema.

Hapa pana suala la haki pia. Katika familia nyingi, maji hayo yamebebwa kichwani na mama au mtoto, au yamenunuliwa kwa dumu. Mti usimwagiliwe kwa kumnyima mtu maji ya kunywa. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia nguo yanafaa, mradi hayana chumvi, mafuta wala dawa ya kung'arisha nguo. Aidha, ni heri kupanda miti mitatu tunayoweza kuitunza kuliko thelathini ya kupigia picha.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mtunza shamba anauombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi. Haombi muda mtupu: anaahidi kuupalilia na kuutilia mbolea. Kumwombea kiumbe na kumhudumia ni tendo moja. Basi, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, itakapokutana juma hili, itembelee miti iliyoipanda msimu uliopita, ichome ardhi kwa kijiti, na kugawana zamu za ndoo hadi mvua zitakaponyesha.