Kufuta tatuaje: bei ya kikao kimoja haionyeshi gharama yote

KAMA, Maniema – Jina la mchumba wa zamani, herufi za kundi la marafiki, msalaba uliochorwa kwa sindano na masizi jioni moja huko machimboni. Tatuaje huchorwa kwa saa moja na kwa franga kidogo, lakini kuifuta ni kazi ya miezi. Kijana wa Kama anayetaka mkono wake urudi kama zamani huambiwa njia nyingi, kuanzia chumvi ya jikoni hadi mashine ya leza ya mjini. Akilinganisha bei ya siku ya kwanza tu, anaweza kulipa mara mbili: mara ya kwanza kwa kufuta, mara ya pili kwa kutibu kidonda.

Shida ni mahali wino ulipo. Hauko juu ya ngozi, umelala chini ya lile tabaka la nje linalobanduka na kuota upya kila baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana mafuta ya kujichubua hayaufikii, hata mtu ajipake mwaka mzima. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume cha alichotaka: ngozi ya pembeni inakuwa nyeupe, na tatuaje inaonekana zaidi kuliko mwanzo. Hata krimu zinazouzwa kwenye intaneti kwa jina la kufuta tatuaje hazina kibali cha FDA, shirika la Marekani linalosimamia dawa na vyakula. Kopo moja ni bei ndogo. Makopo kumi bila matokeo si bei ndogo tena.

Njia ya kusugua kwa chumvi ni ya zamani sana. Katika karne ya 6, tabibu Mgiriki Aetius wa Amida aliandika namna ya kuondoa alama za ngozini, na dawa zake zilifanya kazi kwa kuunguza. Wanaotumia leo maji ya betri, soda kali au chuma cha moto wanafuata njia hiyo hiyo: ngozi inaharibiwa mpaka wino utoke nayo. Kwa kuanzia hakuna malipo. Baadaye kuko bandeji, antibiotiki, sindano ya pepopunda na siku za kukaa bila kazi, maana hakuna anayeingia kwenye maji ya machimbo na mkono wenye kidonda kibichi. Halafu linabaki kovu. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, kovu hilo linaweza kuvimba na kukua kupita kidonda chenyewe, hasa kifuani na mabegani, na kulitibu ni kazi ngumu kuliko kufuta tatuaje.

Kwa tatuaje ndogo, kuko njia ambayo watu wengi hawaifikirii: kupasuliwa. Daktari anatia ganzi, anakata kipande cha ngozi chenye mchoro na kushona. Inalipwa mara moja, haihitaji mashine ya pekee, na wino unatoka wote siku hiyo. Unabaki mstari wa kovu. Kwa herufi mbili za mkononi, hiyo inaweza kuwa hesabu nzuri kuliko zote. Kwa mchoro unaofunika mgongo haifai, maana ngozi ya kuziba pengo haitatosha. Na mtu ambaye vidonda vyake vya zamani viliwahi kuvimba amwambie daktari mapema.

Leza ndiyo inayoacha alama ndogo zaidi ikitumiwa vizuri. Mwanga wake unapiga wino na kuuvunja vipande vidogo sana, kisha mwili wenyewe unavibeba na kuviondoa polepole. Kwa sababu kazi kubwa inafanywa na mwili, vikao hutenganishwa kwa wiki 6 hadi 8. Hapo ndipo hesabu inapopanda. Nchini Marekani, kikao kimoja mara nyingi hutozwa kati ya dola 200 na 500. Mtu akihitaji vikao 8, ni dola 1,600 hadi 4,000, na ni karibu mwaka mzima.

Kwa mtu wa Kama, mwaka huo una gharama nyingine: barabara hadi Kindu, kisha ndege, kisha pa kulala, mara nane. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, uwanja wa ndege wa huko ulifungwa, na safari za mashariki zikazidi kuwa ngumu. Tiketi zinaweza kupita bei ya leza yenyewe. Asiye na ndugu wa kumpokea katika mji mkubwa anatakiwa kuanza hesabu yake na nauli.

Habari njema kidogo ni kwamba tatuaje za masizi zilizochorwa kienyeji kwa kawaida hutoka kwa vikao vichache kuliko zile za wachoraji wenye mashine. Rangi nyeusi ndiyo nyepesi kufuta. Kijani na buluu ni sumbufu. Mwaka 2009, madaktari wa Marekani Kirby na Desai walitoa kipimo cha kukadiria idadi ya vikao kwa kuangalia rangi ya ngozi, mahali pa mchoro, wingi wa wino, rangi zake, makovu, na kama mchoro mmoja umepita juu ya mwingine. Daktari anayetaja bei bila kuangalia hayo anabahatisha.

Ngozi nyeusi inataka pia mashine yake. Inayofaa ni leza ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, kwa sababu inapita ndani bila kuunguza sana rangi ya asili ya ngozi. Mashine za mwanga za saluni, zile za kuondoa nywele, si za kazi hii. Bei yake ya chini inaweza kulipwa kwa kuungua. Kabla ya kutoa hata dola moja, mteja aulize aina ya mashine, na aombe ijaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo, kisha asubiri wiki kadhaa aone ngozi inavyoitika.

Mahali pengine kufuta ni bure. Los Angeles, shirika la Homeboy Industries, lililoanzishwa mwaka 1988 na padri Greg Boyle, huwafutia tatuaje watu waliotoka kwenye magenge, kwa msaada wa madaktari wa kujitolea, maana alama ya shingoni inaweza kumnyima mtu kazi.

Kuhusu chale zilizopakwa mkaa, leza inaweza kupunguza weusi, lakini mwinuko wa kovu utabaki palepale.