Uvimbe wa Tezi ya Mate na Usalama wa Uso

Aliyepata kuugua matumbwitumbwi ameijua tezi ya parotidi, ijapokuwa pengine hajui jina lake. Ndiyo kubwa kuliko tezi zote za mate, nayo imelala mbele na chini ya sikio, moja kila upande. Uvimbe wa matumbwitumbwi hutoweka baada ya siku chache. Lakini uko uvimbe mwingine uotao hapo polepole, bila maumivu, ukakua kwa miaka hata kufikia ukubwa wa chungwa. Takriban asilimia 80 ya uvimbe wa namna hii si saratani. Hata hivyo aina iliyo ya kawaida zaidi yaweza kugeuka saratani ikiachwa kwa muda mrefu. Tiba yake ni kisu.

Hapo ndipo wagonjwa wengi huogopa, wala si hofu ya bure. Ndani ya tezi hiyo hupita mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso. Hutoka fuvuni kwa tundu dogo chini ya sikio, ukagawanyika matawi makuu 5: la paji la uso, la jicho, la shavu, la taya na la shingo. Ukikatwa, nusu ya uso hulegea. Jicho halifumbi na mdomo huenda upande.

Je, daktari huuokoaje? Haukwepi, bali huutafuta kwanza. Gegedu iliyo mbele ya tundu la sikio humwonyesha njia: shina la mshipa hupatikana kiasi cha sentimeta 1 chini ya ncha yake, ndani zaidi. Akishauona, huutenga na uvimbe tawi kwa tawi.

Uvimbe ukiwa mkubwa sana, alama hizo hufichika na mshipa husukumwa mbali na mahali pake. Hapo daktari hugeuza safari: hushika tawi dogo karibu na taya au shavu, akalifuata kurudi nyuma hadi shinani. Vipo vyombo vya umeme vinavyomwonya anapoukaribia mshipa, lakini havichukui nafasi ya kuyajua vema maumbile ya mwili.

Hata mshipa usiokatwa waweza kulegea kwa majuma au miezi kwa sababu ya kuvutwa. Kwa kawaida nguvu hurudi. Wakati huo jicho litiwe dawa ya matone na kufunikwa usiku, lisikauke. Saratani ikilazimisha kuukata, kipande cha mshipa wa fahamu kutoka shingoni au mguuni huweza kuunganishwa. Nyuzi zake hukua kiasi cha milimeta 1 kwa siku.

Basi, msomaji, anayengoja nyumbani kwa kuogopa uso kupinda huikuza ile ile hatari anayoikimbia. Uvimbe wa ukubwa wa harage huondolewa kwa usalama zaidi kuliko wa ukubwa wa chungwa. Na uso ukianza kulegea kabla ya kisu, mgonjwa asingoje hata siku moja: huenda ikawa dalili ya saratani.