Mama Mkutanoni, Watoto Bembeani

Barua ya mwaliko ilifika mwezi wa Septemba 2024. Mmoja wetu, mama wa nyumba hii, ni mfamasia, na hospitali anayoitumikia ilimteua kuhudhuria mkutano wa siku tatu katika jumba la World Trade Centre, Dubai, mwezi wa Novemba. Tiketi yake ingelipwa, na posho ya masiku manne ingetolewa. Tuliisoma barua hiyo sebuleni baada ya Isha, na kabla hatujaimaliza, binti yetu wa pili, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa ameshauliza kama Dubai ndiko iliko ile bustani ya mabembea iliyojengwa ndani ya nyumba.

Hatukumjibu usiku ule. Yalikuwepo mambo mazito zaidi ya mabembea. Bibi yao, mavyaa wa mama, aliuliza swali ambalo wasomaji wetu wengi wangeliuliza: mama atasafiri na nani? Wanazuoni wamekhitilafiana katika suala la mwanamke kusafiri bila mahramu, na nyumba yetu si mahali pa kukata hukumu hiyo. Lakini tulijua moyo wa bibi usingetulia, na kusema kweli wetu pia. Baba ana duka la vipuri vya magari. Kulifunga kwa wiki nzima ni hasara inayohesabika. Basi tukakaa na kuhesabu: hasara ya duka, tiketi nne za baba na watoto watatu, viza, pasipoti za watoto wawili ambao hawakuwa nazo bado (kwani kila mtoto, hata anyonyaye, huhitaji yake), na chumba. Tulipomaliza hesabu, akiba tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kuezeka upya ubavu wa nyumba ilikuwa imeliwa nusu. Tukanuia. Paa lingesubiri msimu mwingine.

Kabla ya yote tulikubaliana jambo moja, na tunalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linaloharibu safari za namna hii. Fedha za mwajiri ni amana. Hospitali ilikuwa inamgharimia mtumishi wake, haikuwa inawagharimia watoto wetu. Tukachukua bahasha mbili, moja ya kazi na moja ya nyumba. Nauli ya mama ya treni kwenda mkutanoni iliingia katika bahasha ya kwanza; maji na biskuti za watoto, bahasha ya pili. Chumba kilitusumbua zaidi. Posho ilitosha chumba cha mtu mmoja karibu na World Trade Centre, penye bei kali. Mama akamwandikia mkuu wake wa idara barua fupi, akaeleza kwamba atasafiri na aila yake, akaomba ruhusa ya kukaa Deira kwenye vyumba vya bei nafuu, na kwamba tofauti ya chumba cha familia tutailipa wenyewe. Pia aliomba likizo ya siku moja, Ijumaa. Yote mawili yalikubaliwa kwa maandishi. Tunawashauri akina mama wanaosafiri kikazi wasione haya kuandika barua ya namna hiyo. Anayenyamaza ndiye hushukiwa.

Tulipanda ndege ya moja kwa moja kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, siku ya Jumatatu. Novemba ilitufaa kwa njia mbili: shule za Kenya zimefungwa, na joto la Ghuba limepungua. Mwezi wa Julai au Agosti joto la huko hupita nyuzi 40, na mtoto mdogo hawezi kutembea nje mchana. Wazee wetu walizijua nyakati hizi kwa upepo. Majahazi ya Ghuba yalikuja kwetu na kaskazi na kurejea na kusi, na mtu hakuwa na haraka, kwa kuwa upepo haukumruhusu kuwa nayo. Sisi tulikwenda na kurudi katika juma moja, tukachoka kuliko wao.

Al Rigga, mtaa tuliofikia huko Deira, una kituo cha treni katika njia nyekundu, na kutoka hapo hadi World Trade Centre hakuna kubadilisha treni. Treni hizo, zilizoanza kazi Septemba 2009, hazina dereva. Zina behewa la wanawake na watoto, na mama alilipanda kila asubuhi akiwa na faili lake na buibui lililopigwa pasi usiku. Jengo lenyewe la World Trade Centre lilifunguliwa mwaka 1979, na wakati huo lilisimama karibu peke yake katika mchanga. Leo mnara wake umezingirwa na majumba marefu hata mgeni huweza kuupita bila kuutambua. Mahali pa kuswalia hapakuwa taabu, mkutanoni wala madukani.

Kuhusu swala, tulimuuliza shekhe wetu kabla ya kuondoka. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wa Pwani, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huondokewa na rukhsa ya kupunguza na kukusanya. Sisi tuliingia Jumatatu na tulinuia kutoka Jumamosi. Siku kamili zilikuwa nne. Basi tuliswali kamili, na ratiba yote ya watoto ikapangwa kuizunguka Adhuhuri na Alasiri. Anayekwenda kwa siku chache zaidi na aulize. Huenda mambo yakawa mepesi kwake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo picha hazilionyeshi. Mama alikuwa mkutanoni kutoka saa mbili asubuhi hadi jioni. Baba alikuwa chumbani na watoto watatu. Kifungua mimba wetu ana miaka kumi na miwili na hutaka kutoka. Kitinda mimba ana minne na hutaka kulala mchana. Wa kati hutaka yale asiyoyataka mwenziwe. Siku ya kwanza baba aliwapeleka ufukoni mwa hori la Deira kutazama majahazi yaliyofungwa gatini, na wakavuka kwa abra, mashua ndogo za abiria, mara tatu. Siku ya pili hawakuwa na jipya. Baba alisuka nywele za binti kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kazi hiyo, kwa maelezo ya aliyesukwa, haikufaa kuonekana na watu.

Usiku wa Jumatano tuligombana. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baba alisema amefunga duka ili aje kuwa yaya katika chumba kisicho na dirisha la kufunguka. Mama alisema hakuwa akitembea. Alikuwa amesimama tangu asubuhi mbele ya watu asiowajua, akieleza kazi ya idara yake. Kila mmoja alikuwa na haki, na pengine ndiyo maana maneno yalikuwa makali. Kosa letu tuliliona baadaye: tulipanga siku za mkutano kwa ajili ya mama, na siku ya bustani kwa ajili ya watoto, lakini hatukumpangia baba hata saa moja. Alhamisi jioni mama alibaki na watoto, na baba akaenda Naif peke yake kutazama bei za vipuri. Alirudi usiku, mtu mwingine kabisa.

Lakini katikati ya ugomvi ule simu ililia. Mkuu wa idara alikuwa Mombasa, na alikuwa na ombi. Mwuzaji wa masanduku ya kuhifadhia dawa za baridi angekuwa Dubai kwa siku moja tu, Ijumaa. Je, mama angeweza kukutana naye? Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na wagonjwa wetu wa visiwani huletewa dawa kwa mashua, juani. Mama alikuwa ameyalilia masanduku hayo kwa miaka miwili. Na Ijumaa ndiyo siku tuliyowaahidi watoto bustani.

Kifungua mimba alikuwa macho kitandani kwake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, uliahidi."

Tulijadiliana hadi usiku mkubwa. Kusema hapana kulikuwa halali kwetu, kwani ile ilikuwa siku ya likizo, na barua tulikuwa nayo. Kusema ndiyo kulikuwa na wagonjwa nyuma yake. Mwishowe baba, ambaye saa moja kabla alikuwa amenuna, ndiye aliyeuliza swali lililotufungulia njia: "Ukienda, utarudi saa ngapi?" Kwa sababu suala halikuwa mkutano, lilikuwa mkutano usio na mwisho. Mama alimpigia mkuu wake asubuhi, akakubali saa mbili peke yake, kutoka saa tatu hadi saa tano, katika hoteli iliyo karibu na kwetu. Kisha akakaa na watoto, akawaeleza dawa ni ya akina nani na kwa nini hupelekwa baharini katika barafu. Hakuwaambia uongo kwamba mkutano wa kwanza umeongezwa. Binti aliuliza kama bustani itafungwa. Tukamwambia hapana, ila tutafika mchana badala ya asubuhi, na tiketi ni ile ile kwa bei ile ile. Tulipoteza nusu ya siku iliyolipiwa, na tulimwambia hivyo pia.

Mwuzaji alichelewa dakika arubaini. Mama anasema hakuwahi kuitazama saa kama alivyoitazama asubuhi ile. Ilipotimu saa tano na nusu aliomba karatasi ya bei, akasema yaliyobaki yatamalizwa kwa barua pepe, akainuka. Tangu Januari 2022 Ijumaa huko ni nusu siku ya kazi serikalini, na wikiendi ni Jumamosi na Jumapili. Wakati tulipokwenda sisi, swala ya Ijumaa ilikuwa saa saba na robo nchi nzima. Baba na kijana waliwahi msikitini. Saa nane na nusu tulikuwa ndani ya teksi kubwa ya familia, kwani teksi ya kawaida haichukui watu watano na treni haifiki huko.

IMG Worlds of Adventure, iliyofunguliwa mwaka 2016, ni jumba moja kubwa lenye viyoyozi, na humo ndani wamejenga mitaa mizima ya mabembea: mmoja wa mashujaa wa Marvel, mwingine wa katuni, mwingine wa dinosari wanaotikisa vichwa na kunguruma. Watoto wetu, ambao kipimo chao cha sherehe ni mabembea ya Makadara siku ya Idi, walisimama mlangoni wakanyamaza. Tiketi hupimwa kwa kimo badala ya umri: aliye chini ya mita 1.05 huingia bure. Kitinda mimba alipita chini ya mstari akiwa amejinyoosha kwa vidole, maana alidhani kuwa mfupi ni aibu, na baba alikuwa akimsihi kwa upole akanyage chini.

Kimo hicho hicho hugeuka na kuwa dhiki ndani. Vigari vikubwa vya relini haviwapokei wafupi, na binti wa miaka minane alirudishwa kwenye kile alichokuwa akikiota tangu Septemba. Alilia kidogo. Wazazi, someni vimo hivyo mapema nyumbani na mpime watoto kabla ya kuahidi. Sisi tulijua tarehe zote za mkutano lakini hatukujua kimo cha binti yetu. Baba alikaa naye kwenye mtaa wa katuni. Mama ndiye aliyepanda na kijana kile kigari kitokacho nje ya jumba kwa kishindo hadi jangwani na kurejea. Alikuwa amevaa mtandio wa kuvuta usio na pini, ushauri aliopewa na Msomali mmoja kwenye behewa la wanawake, na akalikunja buibui chini ya mapaja. Kijana hakusema neno hadi waliposhuka. Kisha akasema, "Tena."

Kwa wale ambao mialiko yao ni ya Abu Dhabi, mambo ni mepesi zaidi, maana katika kisiwa cha Yas bustani zimekaribiana: Ferrari World tangu 2010, Warner Bros. World tangu 2018, SeaWorld tangu 2023. Mwezi wa Mei 2025 Disney nao walitangaza kujenga ya kwao papo hapo. Msikiti mkuu wa Sheikh Zayed hauko mbali, na tungependa kuanzia huko.

Tulirudi Mombasa Jumamosi usiku. Mhasibu wa hospitali alizipitia risiti za bahasha ya kwanza kwa muda wa dakika kumi, akatia sahihi, na mama akarejesha fedha chache zilizosalia katika posho. Masanduku ya baridi yaliagizwa kabla ya mwaka kwisha. Paa la ubavuni bado linavuja, na tumeweka beseni.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni sasa kuna mistari ya kalamu. Binti wa kati hujipima kila Ijumaa, akitafuta kimo cha kile kigari. Kitinda mimba naye hutaka kupimwa, na amebakiza vidole viwili kuufikia mstari wa mita 1.05. Baba yake ndiye peke yake asiye na haraka.