Sabuni ya kujitengenezea: je, kweli inaokoa pesa?

UKITAKA kujua gharama ya kufua nguo, usianze kwa kuuliza bei ya sabuni. Nenda Wasini kwanza.

Kisiwa hiki, chenye urefu wa takriban kilomita tano, kiko ng'ambo ya Shimoni, kusini kabisa mwa Kwale. Ni mwamba wa matumbawe. Hakina mto wala kijito, na ukichimba kisima unakutana na maji ya chumvi. Kwa vizazi na vizazi Wavumba wa vijiji vya Wasini na Mkwiro wametegemea maji ya mvua yanayotiririka kutoka paani hadi birikani, na kiangazi kikikaza, mitungi iliyojazwa bara na kuvushwa kwa mashua. Mtungi uliolipiwa nauli ya bahari haumwagwi ovyo kwa kusuuza shati moja mara nne.

Tumeanzia huko, msomaji mpendwa, kwa sababu siku hizi mazungumzo ya kutengeneza sabuni nyumbani yamejaa kila mahali. Vikundi vya akina mama vinafundishana, wanafunzi wanauziana chupa bwenini, na kila mtu anaahidi kwamba utaokoa pesa. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si kwa kila sabuni, wala si kwa kila nyumba. Na familia ya Likoni au Kisauni inayonunua maji kwa mkokoteni iko karibu na Wasini kuliko inavyodhani.

Kwanza tuelewe adui. Maji ya visima vya pwani hupita katika mawe ya matumbawe na kubeba chokaa. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa hiyo haitoi povu. Hugeuka kuwa utando mweupe unaonata kwenye karai na kwenye nguo. Mama huongeza sabuni, utando huongezeka, kisha anahitaji maji zaidi ya kuuondoa. Hapo amepoteza mara mbili, sabuni na maji.

Chumvi nayo ina visa vyake. Michemraba mingi ya dukani hutengenezwa kwa mafuta ya mawese, na sabuni ya namna hiyo hukataa kuyeyuka kwenye maji ya bahari. Lakini sabuni ya mafuta ya nazi ni kabila jingine. Asidi iliyomo kwa wingi katika nazi, iitwayo loriki, ni fupi kuliko zile za mawese, na sabuni yake huyeyuka hata penye chumvi. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walibebeshwa sabuni ya nazi ili waweze kuogea na kufulia maji ya bahari. Povu lake halilingani na la maji ya mvua, lakini lipo. Kwa mtu wa kisiwani mwenye minazi, hiyo si habari ndogo.

Basi tuitengeneze. Utahitaji kilo moja ya mafuta safi ya nazi, gramu 175 za kostiki soda na gramu 400 za maji ya mvua au maji mengine yasiyo na chumvi. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji. Kijiko na kikombe havifai hapa, kwa sababu kostiki ikizidi kidogo tu sabuni itakula ngozi, na ikipungua itabaki na mafuta yanayovunda. Ikiwa mafuta umeyakamua mwenyewe, yapike mpaka maji yote yaishe na mashapo yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa.

KOSTIKI SI MCHEZO

Hapa naomba usome polepole. Kostiki huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Vaa glavu za mpira, miwani na nguo ya mikono mirefu. Fanyia kazi nje au penye upepo, watoto wakiwa mbali. Mimina kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwani yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Ikikudondokea, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Ikiingia jichoni, osha kwa muda usiopungua dakika ishirini, kisha kimbilia hospitali.

Na sufuria zetu hizi za alumini hazifai kabisa. Kostiki huzila, hutoa gesi inayoshika moto, na sabuni yako huharibika. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu, na mwiko ambao hautarudi tena jikoni.

Mchanganyiko wa maji na kostiki utapata moto wenyewe. Uache upoe hadi uwe vuguvugu, halafu umimine ndani ya mafuta. Pwani mafuta ya nazi huwa maji karibu wakati wote, ila dada zetu wa Limuru watalazimika kuyayeyusha kwanza, maana huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Koroga bila kukata tamaa. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, mpaka uji uwe mzito kiasi kwamba tone linalodondoka kutoka kwenye mwiko linaacha alama juu. Mimina kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa plastiki. Sabuni ya nazi hukauka haraka na kuwa ngumu kama jiwe, kwa hiyo ikate siku hiyo hiyo mara inapoganda. Ukingoja kesho, kisu kitaivunjavunja. Kisha ipange kwenye rafu yenye hewa kwa wiki nne kabla ya kuitumia.

Sasa hesabu. Kilo moja ya mafuta itakupa, baada ya kukauka, sabuni ya kilo moja na robo hivi. Nenda dukani uulize bei ya kilo moja ya mafuta ya nazi, jumlisha kostiki, kisha ulinganishe na bei ya kilo moja na robo ya sabuni ya mche. Anayenunua mafuta kwa bei ya rejareja mjini atagundua kwamba sabuni yake ni ghali kuliko ya duka. Kiwanda hununua mafuta kwa meli, wewe unanunua kwa chupa. Faida iko kwa mwenye minazi yake Msambweni au Wasini, ambaye nazi zake zilizopasuka au zilizokosa mnunuzi zingeozea chini ya mnazi. Hata yeye asisahau jasho: lita moja ya mafuta hula nazi kumi au zaidi, nazo hazijikuni zenyewe.

Kuna wanaopendekeza kuupara mche wa dukani kwa kikwaruzo cha karoti na kuuchanganya na magadi ya kufulia, vipimo viwili vya sabuni kwa kimoja cha magadi, ili kupata sabuni ya unga. Inafua, hasa kwa maji ya moto. Lakini sabuni bado ni ile ile uliyoinunua. Aliyekusaidia hapo ni magadi, kwa sababu hukamata ile chokaa kabla haijaigusa sabuni. Na magadi tunayo kwetu. Kampuni ya Magadi ilianzishwa 1911 katika ziwa la jina hilo huko Kajiado, na mzigo wake umekuwa ukipitia bandari ya Mombasa kwenda ng'ambo. Kijiko kikubwa kimoja ndani ya ndoo ya maji ya kisima, kabla ya kutia sabuni yoyote ile, kitakuokolea sabuni nyingi kuliko kupara mche mzima. Usikitumie tu kwa sufi na hariri.

SABUNI YA MAJI

Kwa mtu wa mjini, pesa ziko kwenye sabuni ya maji. Maduka ya kemikali ya Mombasa na Nairobi huuza ungaroli, ute mzito ambao kiwanda kimekwisha kuufanyia kazi ngumu. Haina haja ya kostiki. Weka kilo moja kwenye ndoo kubwa, ukoroge kwa kuelekea upande mmoja mpaka ulainike, kisha ongeza maji kidogo kidogo hadi yafike lita 12 hivi. Yeyusha nusu kilo ya chumvi pembeni na uitie taratibu. Chumvi ndiyo inayofanya sabuni iwe nzito, lakini ikizidi mipaka sabuni hurudi kuwa maji matupu, na hapo wengi hudhani wameuziwa bandia. Kwa hiyo acha mara unapoona imeshika. Ifunike ilale usiku kucha ili povu lishuke.

Jumlisha bei ya ungaroli na chumvi, ugawanye kwa 12, na utapata bei ya lita yako. Wanafunzi wanne wakichanga wanapata lita tatu kila mmoja. Tena sabuni ya ungaroli haigandi na chokaa kama ya mche, hivyo inafaa hata kwa maji ya kisima. Usitengeneze ya miezi sita, kwa sababu bila dawa ya kuihifadhi huanza kunuka. Ziko fomula zenye asidi ya salfoniki ambazo hushuka bei zaidi, lakini hizo mwachie aliyefundishwa.

Na ile sabuni ya mwani? Huko Kibuyuni, bara karibu na Shimoni, akina mama wanaolima mwani wameutia katika sabuni na kuiuza, kama wanavyofanya wenzao wa Zanzibar, ambako kilimo hicho cha biashara kilianza 1989. Ni sabuni nzuri ya kuogea, na mwani uliosagwa una thamani kuliko ule unaouzwa kwa gunia. Lakini kinachotoa uchafu ni mafuta na kostiki, si mwani. Kufulia suruali za shule kwa sabuni ya mwani ni kama kupikia watoto uji kwa maziwa ya unga ya mgeni.

Turudi kwenye maji, maana ndiyo bei kubwa. Pale yanapokosekana, loweka na ufue kwa maji ya kisima au ya bahari kwa sabuni ya nazi au ya ungaroli, kamua kwa nguvu, kisha tumia maji ya mvua kwa kusuuza mwisho tu. Usiruke hatua hiyo ya mwisho. Chumvi ikibaki kwenye uzi huvuta unyevu hewani, na shati halitakauka sawasawa hata likianikwa siku nzima.

Maji machafu yamwage mbali na ufuo, penye udongo na mimea. Pale Wasini akina mama wana bustani ya matumbawe wanayowatembeza wageni, na ng'ambo kidogo iko hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iliyotengwa miaka ya 1970. Mwamba wa matumbawe hauchuji kitu. Kilichomwagwa juu yake asubuhi huweza kuwa baharini jioni.

Neno moja kuhusu chupa. Usihifadhi kostiki wala sabuni ya maji katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Mtoto anaijua chupa hiyo kwa umbo lake, wala hasomi karatasi uliyobandika. Akimeza kostiki, usimtapishe. Msukutue mdomo kwa maji, mpeleke hospitali mara moja, na uibebe ile chupa ili daktari aione.