UNAMFUNDISHA KAZI AU UNAMTUMA SODA?

Umeshawahi kupita kwenye kibaraza cha fundi cherehani ukaona wasichana wanne wameinamia nguo? Mmoja anapiga pasi, wa pili anapinda, wa tatu anashona vifungo na wa nne anafagia vipande vya vitambaa. Ukiuliza utaambiwa hao ni wanafunzi. Haya, uliza swali la pili: nani kati yao anajua kukata? Hapo utasikia kimya!

Naam, wiki hii nimeona tuongee kuhusu kumfundisha mtu kazi akiwa pale pale kazini. Natumia mfano wa ushonaji kwa kuwa ndio niliouona kwa macho yangu, lakini wenye gereji, wenye saluni na mabosi wa maofisini nao wasijifanye hawasikii, yanawahusu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa miezi kadhaa kwa fundi mmoja, jina lake tuliache. Ada alishalipwa. Lakini kila akitandika kitambaa mezani na kushika mkasi, utasikia, "Binti, hebu nikimbilie soda kwa Mangi." Ukirudi, suruali imeshakatwa na vipande vimefungwa fundo. Wenzangu wengine walikuwa mwaka wa pili bado wanatumwa soda, na mzazi huko nyumbani anajua mwanawe anasomea ufundi!

Tusidanganyane, fundi yule alikuwa na hofu. Cherehani wengi wanaweza kuikanyaga, ila kwenye kukata ndiko riziki ilipo. Akikufundisha leo, kesho utafungua kibaraza ng'ambo ya barabara na wateja wahamie kwako. Hofu hiyo ina ukweli wake, siwezi kubisha. Lakini tazama na upande wa pili. Idi imekaribia, au ni Januari shule zinafunguliwa, vitambaa vya sare vimejaa hadi chini ya meza, na anayejua kukata ni mtu mmoja tu. Akiugua malaria siku tatu, kazi yote imesimama. Basi ile "njoo kesho, mama" tunayoimbiwa kila siku, mara nyingi chanzo chake ni mkasi kufichwa. Na mteja aliyechoka njoo kesho anahama hata kama ng'ambo ya barabara hakuna kibaraza kipya.

Siku hizi wadogo zangu wa mtaani nawafundisha kushona, na kanuni ninazozishika ni hizi.

Kwanza, kiini cha kazi kifundishwe mapema. Kufagia kupo na pasi ipo, lakini ndani ya wiki ya kwanza mwanafunzi lazima ashike futi, chaki na mkasi.

Pili, sema sababu. Usimwambie tu "kata hivi". Mwambie kitenge chenye maua yanayotazama juu kikikatwa ovyo, mgongo wa gauni utakuwa na maua yaliyosimama kichwa chini. Mwambie kitambaa cha pamba kilowekwe kabla ya kukatwa maana kitarudi kikifuliwa, na mteja atakuja na gauni lisilopita mabegani. Mtu anayejua sababu hata akipewa kitambaa asichowahi kukiona atajua pa kuanzia.

Tatu, usimmwagie yote kwa mara moja. Wamarekani waliligundua hili wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Viwanda vilijaa watu wapya ambao hawakuwahi kushika mashine, ndipo mwaka 1940 wakaanzisha mpango wa kuwafundisha wasimamizi namna ya kufundisha. Hatua zilikuwa nne tu: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu mbele yako, halafu mfuatilie. Hadi vita inakwisha mwaka 1945, zaidi ya watu 1,500,000 walikuwa wamepitia mafunzo hayo, na baadaye Wajapani nao wakayachukua. Hatua hizo hazihitaji kiwanda, kwenye kibaraza zinatosha kabisa.

Nne, usiulize "umeelewa?" Kwa heshima tuliyolelewa nayo, kijana atakujibu "ndiyo, fundi" hata kama hajaambulia kitu. Sema "hebu nionyeshe, na unieleze unavyofanya." Hapo ukweli wote utajitokeza wenyewe.

Tano, makosa yafanyike mahali pa bei nafuu. Aanze kukata magazeti ya zamani, aende kwenye shuka kuukuu, ndipo umpe kitambaa cha mteja. Na akikosea, mrekebishe pembeni. Kumfokea mbele ya wateja kunamfundisha jambo moja tu, kuficha kosa, na kosa lililofichwa utaletewa na mteja siku ya harusi yake.

Sita, jipime kwa kuondoka. Toka nusu siku, nenda kamtazame mgonjwa au kahudhurie kikao cha shule. Ukirudi ukakuta kazi imekwenda sawasawa, wewe ni mwalimu. Ukikuta wamekaa wanakusubiri, basi lawama hiyo usiwatupie wao peke yao.

Serikali kwa upande wake iliunda VETA kwa sheria ya mwaka 1994, na kule Morogoro kipo chuo cha kuwaandaa walimu wa ufundi stadi. Hao wanasomea kufundisha. Lakini fundi wa kibarazani ni nani aliyewahi kumfundisha namna ya kufundisha? Na ndiye anayekabidhiwa vijana wetu. Ndiyo maana wewe mzazi, kabla ya kulipa ada, mwulize fundi waziwazi: mwanangu atashika mkasi lini? Ukiona anajikanyagakanyaga, chukua hela yako uondoke.

Na wewe fundi, gazeti hili ukishalimaliza usilifungie karanga. Mpe binti hapo pembeni, akate kola ya kwanza. Soda ukanunue mwenyewe.

Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.